Tangazo la Tatu

Kazi yangu ni spika mbili na betri ya gari
juu ya tuktuk ya kijani. Nimetangaza chanjo,
maziko, sufuria nusu bei, mtoto aliyepotea Barani
akakutwa kalala uvunguni mwa kitanda cha kwao.
Sijawahi kukosa neno.

Alfajiri ile Jefwa alinigongea, miguu mitupu,
shati la kazi limechanika begani.
"Tsuma, ametoka."
Nani?
"Yule wa Sinyora."

Kumbe nyuma ya ukuta ule wa Kasuarina
wenye vigae vya chupa juu yake
kulilelewa kitu kilicholetwa ndani ya sanduku,
kidogo kama paka wa sokoni, mwaka wa nne huu,
na sasa kinakula kuku watatu kwa siku
na kichwa cha ng'ombe kila Ijumaa.
Rangi yake ya kaimati. Hana madoa, hana manyoya ya shingoni.
"Si simba," alisema Jefwa, "wala si chui.
Kwao mbali. Huku kwetu hana jina."

Basi nitangaze nini?

Nikisema chui, mapanga yatatoka kabla sijavuta pumzi.
Nikisema paka mkubwa, watoto watamfuata na maandazi.
Nikisema mnyama tu, kila mtu atajichorea wake kichwani,
na huyo wa kichwani hadungwi sindano akalala.

Meneja wa Sinyora akaja na bahasha:
"Sema mbwa wa kizungu amepotea. Zawadi ipo."
Naibu wa chifu akaja na kidole:
"Sema watu wakae ndani. Usiseme kwa nini."
Muyeye ikae ndani! Maji atayachota nani?
Askari wa wanyamapori akapiga simu yuko njiani:
bunduki anayo, dawa ya usingizi ya mara moja tu,
na kipimo chake ni cha simba.
Ikizidi, haamki. Ikipungua, ataamka na deni.
Sinyora mwenyewe hakusema kitu.
Alikaa kizingitini na bakuli la bati
akiligonga kwa kijiko, ngo, ngo, ngo,
kama mtu aitaye kuku.

Bahasha niliipokea. Naandika nisije nikajisahaulisha.
Tangazo la kwanza nilisema mbwa.

Saa tatu nikamwona kwenye kioo cha pembeni
kijana wa Mbeyu, kamba begani,
anaingia kichakani akipiga mluzi, anaitafuta zawadi.
Nikageuza tuktuk katikati ya barabara.
Tangazo la pili nilisema simba.
Simba! Simba! mpaka spika moja ikapasuka.
Kijana akarudi mbio. Milango ikafungwa,
pwaa, pwaa, mtaa mzima.
Baada ya adhuhuri ikafunguka tena
ikatoa wanaume.

Walimpiga Simba.
Ndilo lilikuwa jina lake, mbwa wa Nyevu muuza mkaa,
naye rangi ya kaimati.
Alisikia akiitwa tangu asubuhi,
akatoka majanini akitikisa mkia.

Yule mwingine alipatikana machimboni magharibi,
kajikunja kwenye kivuli cha mawe, anahema.
Jefwa akaomba aende na bakuli, dakika mbili tu.
Askari akaitazama sindano.
Akageuka akautazama umati, baba mmoja
kampandisha bintiye mabegani ili aone vizuri.
Risasi haina kipimo.

Sijui ningefanya nini mimi. Mimi ni wa maneno,
na angalia yalivyonifanyia.

Saa moja usiku nikapita na spika iliyobaki:
"Watu wa Muyeye, fungueni.
Aliyetoka hakuwa mbwa.
Aliyeuawa kwanza hakuwa simba.
Aliyesema ni mimi."
Hakuna aliyefungua. Labda betri ilikuwa imechoka.

Bahasha iko chini ya kiti, sijaihesabu.
Mkaa siku hizi nanunua mtaa wa pili.