Beseni na Gunia

Miaka miwili nimeuza saa zangu kwa kangomba,
kama mkulima aliyebanwa na shida kabla ya msimu,
hapa Chikongola, chumba cha mwisho, dirisha la uani,
kwa mtu wa Dar nisiyemjua sura.
Namjua kwa herufi: "Dada, naomba leo leo."

Maneno elfu moja juu ya mafuta ya nywele.
Maneno elfu moja juu ya hoteli nisiyowahi kulala,
"mandhari tulivu, yenye kukidhi haja zako",
na haja yangu mimi ni LUKU, inalia tangu alfajiri.
Shilingi elfu sita kwa makala.
Nilifurahi. Elfu sita kwa kukaa kitako!
Kukaa kwenyewe sikukuhesabu:
saa mbili za kusoma, mbili za kuandika,
moja ya "rekebisha kidogo" ambayo huwa si kidogo.
Gawa kwa tano.
Elfu moja na mia mbili.
Muuza mihogo wa stendi angenicheka,
na angekuwa na haki: yeye hata mkaa anauhesabu.

Somoe binti Nampota hubangua korosho barazani kwetu.
Mafuta ya ganda yamemla vidole,
hata simu yake haimtambui tena akiigusa.
Jumanne alikuja kijana wa pikipiki,
akaliona gunia la ghafi limeegemea ukuta,
akauliza mbona iliyobanguliwa bei imeruka hivyo.
Somoe hakuinua kichwa.
"Gunia si korosho, baba.
Toa ganda. Toa iliyooza. Toa iliyovunjika.
Toa kuni, toa mkono wangu huu.
Kinachobaki ni beseni lile.
Sasa beseni lisipolibeba gunia, atalibeba nani?"

Kijana alilipa, au hakulipa. Sikuona.
Nilishaingia ndani kutafuta kalamu.

Nyuma ya risiti ya duka la dawa:
chumba, elfu themanini.
Kula, mia mbili na arobaini.
Bando sitini. Umeme ishirini na tano.
Dawa za presha za mama kule Newala, arobaini na tano.
Kompyuta itakapokufa, maana itakufa, ishirini na tano.
Bima ishirini. Akiba hamsini na tano.
Nikaifuta akiba. Nikairudisha.
Laki tano na nusu.

Halafu gunia: saa nane, siku ishirini na mbili,
mia moja sabini na sita.
Nikatoa ganda:
saa za kutafuta wateja, za kuwakumbusha wateja,
za "nitatuma kesho" na kesho yake,
za umeme kukatika, nasi ndio wenye gesi,
za msiba wa jirani
usioendewa na kompyuta kwapani.
Zikabaki themanini na nane.
Beseni.

Elfu sita mia mbili hamsini.
Si kwa makala. Kwa saa.
Nikaitazama namba kama mgeni aliyeingia bila hodi.
Nikaongeza mia saba hamsini
kwa sababu nitaugua, na sijui lini.
Elfu saba.
Nikaisema kwa sauti. Paka akatoka nje.

Ujumbe niliuandika mara sita
(saa nzima; ganda hilo),
nikafuta "samahani" tatu, nikaacha "habari za kazi".
Tiki mbili. Buluu. Siku mbili za kimya.
"Dada umepanda sana. Kuna watu wanaandika kwa elfu nne."
Wapo, nikajibu.
Mpaka Jumanne ningekubali hata hiyo nne.
Hakuaga.

Wa pili, wa ushirika wa ufuta Nachingwea,
aliuliza tu: "Unaanza lini?"
Huyu ndiye aliyenitetemesha.

Alhamisi mchana, saa za yule wa Dar
zilikuwa wazi, hazina mwenyewe.
Nje kirungu cha Somoe kinagonga, kinanyamaza, kinagonga.
Nikalala mpaka kivuli kikafika mlangoni.
Sikumtoza mtu.