Chumvi, Ukurasa wa Tisa

Nayra anakariri kwa sauti; koleo la babake lakwaruza
uwanda mweupe wa Colchani.

Sodiamu: metali laini, itie majini, yalipuka.
Klorini: gesi ya rangi ya ndimu, huunguza mapafu.
"Na zikikutana?" auliza Eulogio, mgongo bado umepinda.
Moja hutoa elektroni, nyingine hupokea;
kila moja sasa ni ayoni,
na muungano wao, kampaundi.

"Kumbe mtoaji na mpokeaji
wote wameacha ukali?"
Baba, hilo halimo kwenye mtihani.

Acheka, midomo imepasuka kwa jua.
"Na bei ya gunia, imo?"

Nayra afunua ukurasa.
Myeyusho: kitu kimepotelea majini,
lakini ukionja, kipo.
Mfano, aandika kwa penseli: jasho.