Kuichakaza Stesheni

Boksi lilikuja na mpwa wangu Faraj,
limepondeka pembe moja, linanuka sabuni ya begi.
Ndani, karatasi kumi na mbili za kadibodi:
kuta, milango, paa, vyote vimelala chali
kama nguo za mtu ambaye hajazaliwa.

Stesheni ya nchi ya baridi. Tofali jekundu,
dohani nne.
Dohani nne! Bi Rukia alicheka mpaka akakohoa:
"Hapa Majengo nani ataota moto, wewe?"
Nikazikata. Paa nikaliezeka upya
kwa kile kifuniko chembamba cha ndani ya kopo la maziwa ya unga,
nilichokikwaruza kwa kalamu iliyokauka
mpaka kikawa mabati.

Kadibodi haitaki haraka.
Unapitisha kwanza mgongo wa kisu kwenye mstari,
usiukate, uumize tu kidogo,
ndipo ukuta ukubali kona.
Na kila ukingo uliokatwa hubaki mweupe,
na ukingo mweupe husema: mimi ni karatasi.
Nikaunyamazisha kwa penseli ya kahawia,
ukingo baada ya ukingo,
usiku wa umeme na usiku wa mshumaa.

Siku ya tisa ilisimama juu ya meza ya kulia,
kando ya reli yangu na mabehewa yake mawili.
Safi. Safi mpaka ikanitia haya.
Stesheni gani hii ambayo hakuna aliyewahi kuchelewa?

Miaka thelathini na moja niliandika vifurushi:
magunia ya nazi, baiskeli,
mara moja jeneza tupu la kwenda Voi.
Najua uchafu ulikuwa ukikaa wapi.
Chini ya mfereji uliotoboka, chozi refu la kijani.
Chini ya kila msumari, kutu:
hiyo ni kahawa, machicha ya dele la Aboudi.
Masizi nimeyakwangua kwenye chemli,
nikayapuliza kwa mrija wa soda.
Na chumvi ni chokaa, kwa brashi kavu,
upande wa bahari tu;
upande wa bara ukuta huzeeka kwa vumbi.
Karibu na dirisha la tiketi, kimo cha bega,
nikasugua kwa kidole chenye mafuta
mpaka rangi ikachoka.
Hapo watu waliegemea
wakiuliza habari za gari.

"Babu, mbona waichafua na ni mpya?"
Tatu ana miaka saba. Nilitafuta jibu zuri.
Nikamwambia: nipe hiyo sifongo.

Jumamosi alikuja Mwakio, aliyekuwa akibadili njia za reli Makupa.
Akainama, akafumba jicho moja,
akakaa hivyo. Nikangoja sifa.
"Mlango wa bohari," akasema, "ulifungukia nje."
Kweli.
Miaka thelathini na moja nausukuma kwa goti,
mikono imejaa, na goti limesahau.
Nikaubandua palepale, gundi inalalama,
naye akanywa chai yake bila kusema tena.

Kisha masika.
Kadibodi ikanywa hewa. Ukuta wa magharibi ukavimba,
ukungu ukaota, ukungu wenyewe,
juu ya ukungu wangu wa rangi.
Mende wakala gundi ya ngano kwenye msingi,
wakaacha ukingo uliochongoka kama msumeno.
Nikachukua brashi kurekebisha.
Nikatazama, nikatazama,
sikujua tena doa lipi ni langu
na lipi la mji.
Brashi nikairudisha kwenye gilasi.

Leo asubuhi nimemkuta mtu jukwaani.
Wa nta ya mshumaa, nusu ya kijiti cha kiberiti kimo chake,
kifurushi kichwani,
kanga imekwaruzwa kwa pini ya ushungi.
Sikuuliza. Bi Rukia alikuwa jikoni
akichambua mchele kwa kelele zaidi ya kawaida.

Nikamtia vumbi kidogo miguuni.