Zao la Mawe

Ubao wa manispaa umeandikwa: Bustani ya Watu Wote.
Haukutaja tanipu, wala shayiri,
wala Ingegerd, bibi yangu,
aliyeyapa makonde majina ya utani:
Tumbo la Ng'ombe, Kisogo, Deni.
Hapo Deni ndipo leo watoto wanapobembea.

Mimi ndiye mkata nyasi. Nalipwa kwa saa.
Huku kusini mwa Uswidi, kila Aprili,
barafu ikiuachia udongo,
mawe hupanda yenyewe kutoka chini,
yakachomoza kama meno ya mtoto,
na kisu cha mashine hulia: kwaa!
Nashuka. Naokota. Napeleka ukutani,
ukuta ule wanaoupiga picha wageni
wasijue ni mgongo wa mtu.

Bibi alisema mawe ndiyo zao pekee
lisilodai mvua wala mkopo.
Alicheka aliposema.
Siku ya kutia sahihi hakucheka,
aliuliza tu kama wangeuacha mtofaa wa kaskazini.

Waliuacha.
Septemba matofaa huanguka, madogo, machachu,
na hakuna anayeyainamia
ila Rimah, aliyetoka Halab na mifuko miwili,
huyapika jamu.
Juzi aliniuliza: hapa palilimwa nini?

Nikatafuta neno.
Nikampa jiwe la asubuhi ile, lingali na udongo,
naye akalipima kiganjani
kama anayenunua kiazi.