Mshika Kamba

Kilolo, Julai, saa kumi na mbili na nusu.
Ukungu umelalia mabonde, upepo haujaamka.
Ndiyo saa ya puto.

Mtungi wa gesi umetoka Iringa mjini
nyuma ya pikipiki ya Otmari, umefungwa mipira mitatu
kama mgonjwa anayerudishwa nyumbani.
Puto linavimba tumbo kwanza, mkia baadaye.
Watoto wanaliita Ndama, kwa jinsi linavyovuta kamba.

Kazi yangu ni hiyo kamba:
mita mia na hamsini, fundo jekundu kila mita kumi.
Sigilinda wa kamati ya maji anahesabu kwa sauti,
mimi naachia, natembea, naachia,
na chini ya tumbo la Ndama kamera,
ndani ya dumu la mafuta ya kula lililokatwa,
inapiga, inapiga,
haimwulizi mtu ukoo wake.

Nimeshika ng'ombe, nimeshika jeneza.
Sijawahi kushika kitu kinachotaka juu namna hii.

Tunatafuta maji. Vinyungu vimekauka mwaka wa tatu,
maharage yamepukutisha maua,
na kila mtu ana wake wa kumlaumu:
wa ng'ambo, mwenye pampu, marehemu.

Saa nne, darasa la sita, kanga madirishani,
picha zikaunganishwa juu ya shuka.
Kumbe bonde letu ni dogo hivi,
jani la mgomba lililochanwa na mvua ya mawe.
Hapa kanisa. Hapa kaburi la babu, nukta.
Mto, uzi wa kijani, unapanda,
unapanda, unakaribia chemchemi,
unakatwa.

Pale umekaa mraba mweusi wa milingoti,
hatua tatu kwa tatu, mistari imenyooka
kwa sababu niliipima mwenyewe, kwa kamba.

Hakuna aliyegeuka kunitazama.
Hilo ndilo lililonichoma.
Sigilinda alikohoa tu, akasema,
"Kesho tupige nyingine, hii ina kivuli."
Haikuwa na kivuli.

Miti elfu moja na mia mbili.
Ada ya Adelina, chuo cha uuguzi.
Bati ambazo bado sijazinunua.
Usiku nimeihesabu tena, fundo kwa fundo.

Nimempigia Otmari: ukija na gesi,
pitia kwa shemeji yako uniletee msumeno.
Akauliza, wa kukata mingapi?
Nikamwambia, lete kwanza.