Bofulo Hamsini

Naitoa baskeli
ya baba, Mzee Shali,
ina kutu, si kamili,
iliyolala uani.

Ni ile ya kupeleka
bofulo, zinazofuka,
hamsini kwa hakika,
nyuma yake sandukuni.

Atoke Shela na kiza,
Maweni apate uza,
Muyeye akamaliza
jua lingali chumbani.

Mwili wake wa kijiti,
mshipi haukamati,
akila sita chapati
hazifiki kitambini.

Mimi nikapanda cheo:
nina tukutuku leo,
mgongo kwa egemeo,
miaka kumi kitini.

Nikingoja abiria,
kaimati na bajia
na soda ya kushushia,
pale kituo Barani.

Shati likasema "basi",
kifungo kikenda kasi
kikaipiga gilasi,
watu tele harusini.

Nesi Kadzo kanipima,
mizani ikatetema,
akatua, akasema:
"Zimezidi ishirini.

Sukari yakunyatia,
presha yakusubiria.
Dawa ya kukuanzia
ni miguu, Shaibani."

Usiku nikahesabu
bofulo kwa taratibu,
nusu kilo, ni karibu,
mara hizo hamsini.

Nikalala macho wazi:
ule mzigo wa kazi,
aloushusha mzazi,
nimeutia shatini.

Yeye aliupakia
nyuma, akiugawia;
nami naukumbatia
mbele, kama wa thamani.

Fundi Kahindi kapaka
grisi, mnyororo kashika,
kanitazama, kacheka:
"Itahimili, jirani?"

Siku ya kwanza sifiki,
magoti hayakunjiki,
mapafu hayashikiki,
naketi chini, njiani.

Vijana wakanipita,
mmoja akaniita:
"Mzee, gia ya sita!"
Nami hoi mchangani.

Mke wangu Mwanasiti
kanikatia chapati
nusu, tena kwa sharuti,
na mchicha sahanini.

Tui zito kalipinga,
sukari juu kapanga;
usiku nikenda wanga
jikoni mwake, gizani.

Nilipata, sitaficha,
visheti, bila kuacha
nikala hadi kukicha,
sukari hadi shavuni.

Kesho nikapanda tena,
si kwa nguvu ya ujana,
ni haya ilonibana
mbele za wangu mwandani.

Tukutuku sijatupa,
ndiyo inayotulipa,
ila kwa maji ya chupa
soda imetoka ndani.

Mikahawa imefunga,
harufu ya piza, unga,
jibini bado yaringa
puani mwangu, puani.

Mwezi wa pili, Sabaki,
pumzi hazikatiki;
kiboko hata hashtuki,
amelala matopeni.

Nikamwambia, "Swahiba,
tulifanana kushiba,
wewe ngozi, mimi juba;
basi baki, buriani."

Kadzo kanipima tena:
si ishirini, hapana,
kilo saba tu, bayana,
kaziandika kadini.

Bofulo kumi na saba
na kipande cha kushiba
nimeshusha, kama baba,
moja moja, milangoni.

Zilobaki nazijua,
nyingine zitasumbua,
pilau watapakua
Idi ikiwa nyumbani.

Leo, Shela, uchochoro,
ulipolia mnyororo,
dirisha lenye kasoro
lafunguka ghorofani.

Sauti: "Shali, we Shali!
Leo niachie mbili!
Pesa kesho, sina hali,
zitie humu kapuni."

Mwaka wa kumi na tatu
baba hayuko na watu;
sikusema neno katu,
nikageuka njiani.

Nikafika kwa bekari,
mbili za moto, tayari,
nikazifunga vizuri
nyuma yangu, sandukuni.