Daftari la Magonjwa, Isecheno

Saa moja asubuhi. Profesa hajafika, mimi nimefika.
Nina kamba ya mita ishirini, bahasha za kaki,
penseli, kwa kuwa wino hulia msituni,
na buti la kushoto lenye tundu linalojua njia.

Naanza na mutere.
Jani la kwanza: madoa ya kahawia, ukingo wa njano,
kama chai iliyomwagikia gazeti.
Jani la pili: kutu. Ukilipangusa,
kidole hurudi na rangi ya barabara ya Shinyalu
mwezi wa Januari.
Jani la tatu halina kitu. Naliandika pia.
Profesa husema asiyeandika sifuri ni mwongo.

Tumefikisha aina mia moja na kumi na saba za kuvu
katika kipande kisichozidi uwanja wa mpira.
Nyingi hazina jina, tunaziita kwa namba,
ila usiku, kitandani, mimi huziita kwa watu.
Hii nyeupe itambaayo chini ya gome bila kelele
ni shangazi Mmbone akitafuta siri.
Ile nyeusi iliyoukaba mukomari shingoni
ni deni la mbolea.

Na kuna sisimizi niliyemkuta juu ya jani,
kauma mshipa, kafa akiwa ameuma,
kisogoni pamemchipua kijiti
chembamba kama sindano ya kushonea.
Sikumchukua. Nilimwambia pole, nikapita.
Hatua kumi. Nikarudi, nikamtia kwenye bahasha.
Kazi ni kazi.

Baba alikuwa na mashina mia tatu ya chai
pale shoka la babu lilipoukomesha msitu.
Kilibaki kisiki kimoja cha mutukuyu
kilichowashinda wote wawili kuking'oa.
Miaka kumi na mitano kisiki kikanyamaza.
Kisha chai ikaanza kufa kwa duara:
shina, jirani yake, jirani wa jirani,
kama habari ya msiba.
Wakasema ni mkono wa mtu. Baba akamtaja mtu.
Mimi nilifukua mzizi, nikakuta nyuzi nyeusi,
kamba za viatu zilizotoka kisikini
zikitembea gizani zikiulizia mwenyeji.
Nilipomwonyesha, alikwisha kumtukana Khayumbi mbele ya kanisa.
Hawakusalimiana tena, na wote wawili
sasa wamo katika udongo uleule.

Leo nahesabu miche chini ya mwiritsa mkubwa.
Aprili: mia mbili na sita.
Juni: arobaini.
Leo: minne, na mmoja umelala.
Udongo wa mama umejaa wanaomjua mama,
wanasubiri wanawe wadondoke.
Mwana hutazama kisogo cha nina, wanasema.
Hapa, aliyekitazama ameoza shina.

Lakini hatua sabini kutoka hapo,
ndani ya kinyesi cha hondohondo,
mche wa mwiritsa umesimama peke yake kati ya wageni,
majani hayana hata nukta.

Nikabaki na penseli hewani.
Kumbe ndiyo maana hakuna mti uliowahi kuumiliki msitu huu.
Kila unaotaka kuijaza nchi na watoto wake,
kitu kidogo kisicho na macho huuambia:
imetosha, sogea.

Dada yangu Muteshi aliondoka na begi moja kwenda Nakuru.
Mama alilia wiki nzima, hata ng'ombe walikamuliwa na jirani.
Sisi wanne tuliobaki tunapimiana robo eka kwa miguu,
huku mmoja akimshuku mwenzake kuwa na miguu mirefu.
Muteshi hutuma picha: kanenepa, ana mlango wa chuma,
hajui tunavyokohoa.

Profesa anakuja, nasikia fimbo yake kwenye majani.
Kabla hajafika nafungua kola, najikuna, natazama,
kisha naandika kwa mwandiko mdogo:
*Namba 118. Choa. Begani mwa mhesabu.
Duara, ukingo umeinuka, katikati panapona.
Mwenyeji: hajahama.*